Nilijua Kilichomo Kwenye Biskuti, Nikanyamaza

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla sijaanguka, maana nimefika mahali ambapo nikisikia mtoto anakohoa, hata mtoto wa watu nisiowajua, hata kama amepaliwa tu na maji, nasimama nimtazame midomo ina rangi gani, na hakuna hata mtu mmoja ninayeweza kumwambia kwa nini.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, ninafanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, chumba cha kuchanganyia, mwaka huu ni wa kumi na moja, na biskuti zetu utazikuta supamaketi rafu ya chini, usawa wa macho ya mtoto, paketi ya njano yenye ng'ombe anayecheka, na nikwambie ukweli, mshauri, ng'ombe yule wa kwenye paketi ndiye ng'ombe pekee aliyewahi kuingia kiwanda kile, kwa sababu maziwa yetu ni unga wa gunia, siagi yetu ni harufu ya chupani na ile rangi ya kiini cha yai inatoka kwenye kopo. Hayo yote yameandikwa kwenye lebo, mwenye macho na asome, na mimi sikuwahi kuona tatizo, nilisema kila jiko lina mambo yake.

Tunaishi nyumba ya kupanga, mlango wangu na wa wifi yangu inatazamana, katikati ni ukumbi wa hatua nne tu. Wifi ni dada wa mume wangu, ni fundi cherehani, mumewe alishatangulia mbele ya haki, akamwachia mtoto mmoja wa kike, sasa ana miaka sita, sisi tunamwita Kidege kwa sababu ni mwembamba na hanyamazi tangu anapofumbua macho mpaka analala. Kidege ana pumu. Mwaka jana alikula zabibu kavu zile zinazong'aa, kifua kikambana, wakakimbizwa hospitali, na baada ya vipimo na maswali mengi daktari akaandika kwenye karatasi kwamba mtoto aepushwe na vyakula vyenye salfaiti. Wifi aliniletea mimi ile karatasi, akasema, "Wewe ndiye mtu wa viwandani, hebu nifafanulie," nami nikakaa kitako nikamfafanulia kama mwalimu mkuu, kwamba hiyo ni dawa inayotiwa kwenye chakula kisiharibike au kisibadilike rangi, na kwamba wengi hawadhuriki nayo ila wenye kifua kama cha Kidege inaweza kuwaziba pumzi. Kwa hiyo usije ukanitetea kwamba sikujua.

Tangu siku hiyo wifi hanunui kitu bila kukisoma, anavaa miwani yake ya kutungia uzi, anazifuata zile herufi za sisimizi kwa ncha ya sindano, neno baada ya neno, na biskuti zetu alizisoma akaridhika, akasema, "Hizi hazina, wifi, mtoto atakula za nyumbani kwetu," na mimi nilikuwa nikileta zile zilizovunjika ambazo wafanyakazi tunapewa kila Ijumaa, Kidege akawa ananisubiri mlangoni.

Sasa miezi miwili iliyopita kiwanda kilianza kupokea unga mwingine, unga mkaidi, donge lake linavuta kama mpira, biskuti ukizikata duara zinajikunja zinatoka kama yai, haziingii kwenye paketi, mashine ya kufungia inakwama, kelele kila dakika, na baada ya siku tatu za hasara msimamizi wetu akaingia na mfuko wa unga mweupe wenye harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Msimamizi huyu tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu ukimwomba glavu ni kesho, ukimwomba likizo ni kesho, nadhani hata siku yake ya kufa atamwambia mtoa roho apite kesho. Nikamuuliza, "Hii ni nini?"

"Kilainisha unga. Meneja kaagiza."

Nikausoma mfuko. Salfaiti. Jina refu kidogo, lakini mwishoni ni neno lile lile la kwenye karatasi ya daktari. Nikasema, "Hii haimo kwenye lebo, bosi."

"Karatasi mpya zinachapishwa. Tumalize kwanza hizi za zamani, ziko bohari nzima."

"Mpya zinakuja lini?"

"Kesho."

Wenzangu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao, na tukaanza. Mwanzoni tulipima kwa mizani ndogo, lakini mizani ikaharibika na wa kuitengeneza akawa wa kesho, tukaanza kukadiria kwa kikombe cha chai, na mkono uliokadiria ni huu ninaokuandikia.

Nilichofanya nyumbani ni kuacha kuleta vipande, nikadanganya kwamba kiwanda kimefuta utaratibu huo, nikajiona mwerevu, nimemlinda mtoto na kazi sijaigusa. Kumbe sikuyapiga mahesabu sawasawa. Jumamosi moja mchana natoka kuanika nguo namkuta wifi amerudi supamaketi, ameshika paketi ya njano, ananiambia kwa furaha, "Nimeona Kidege amezikosa sana, nikasema acha ninunue, tukuungishe na wewe, wifi, si ndiyo kazi yako?" Miwani bado iko puani, ameshaisoma. Nikafungua mdomo. Nilichosema ni hiki, mshauri, nakiandika kama kilivyotoka: "Usimpe nyingi, zitamharibu meno."

Niliingia ndani nikashika beseni la vyombo, nikawa naosha sufuria moja ile ile, naizungusha tu, masikio yangu yote yako ng'ambo ya ukumbi. Nilimsikia Kidege anaimba. Nikamsikia anakohoa. Kisha kile kilichonitia hofu kuliko kikohozi: nikasikia amenyamaza. Mtoto ambaye hanyamazi amenyamaza, na wifi anaita jina lake, anaita tena kwa sauti nyingine. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye mikeka ya vitambaa, mabega yamepanda masikioni, shingo inaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi, macho ananitazama mimi. Wifi amemwekea mdomoni ile dawa ya kuvuta, anaibonyeza tena na tena, ananiambia, "Haiingii, wifi, haiingii!" Nikamnyakua mtoto nikatoka naye barabarani bila viatu, nikasimamisha gari la watu wa maji, tukafika hospitali, wakamwekea hewa ya mashine, na baada ya saa nzima daktari akatuambia tumewahi.

Sasa sikiliza kinachonimaliza. Daktari alimuuliza wifi mtoto amekula nini, wifi akasema biskuti, lakini ni zile asizodhurika nazo, amezisoma mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika viatu vidogo vya Kidege, nikatazama sakafu. Daktari akasema basi huenda ni vumbi. Kwa hiyo wifi ameamua kwamba aliyetaka kumuua mwanawe ni yeye mwenyewe, na vumbi lake la vitambaa. Ametoa vitambaa vyote ndani, wateja amewarudishia nguo zao hazijashonwa, na cherehani ameipeleka kwa fundi mwenzake ikae huko, eti mpaka mtoto akue. Anapita ukumbini mikono mitupu kama mtu aliyefiwa. Na kila anayekuja kumpa pole anamwambia, "Mshukuruni wifi yangu huyu, yeye ndiye aliyeniokolea mtoto."

Halafu paketi haikwisha. Aliifunga kwa kibanio akaiweka kabatini, na juzi alipokwenda sokoni niliingia nikaiiba, nikaitupa kwenye pipa la mbali kabisa, na aliporudi hakuiona akamshika Kidege, akamkalisha, akamwambia hataki mtoto mwizi. Kidege akalia mpaka nikaogopa kifua. Akanijia, akanishika gauni, akaniambia, "Anti, si mimi. Wewe mwambie mama si mimi." Nikamwambia nenda kacheze. Jana wifi amesema akipita supamaketi atanunua nyingine, kwa sababu mtoto amepungua.

Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini, hajui chochote. Nikifikiria atakavyonitazama nikimwambia kwamba mpwa wake nusura afe na nilijua, natamani asirudi. Chakula hakipiti, kila kitu jikoni nimekisoma lebo na nimekitilia shaka, hata chumvi. Nikipita supamaketi nawaona akina mama wanainama pale rafu ya chini, watoto wanawavuta, paketi inatumbukia kwenye kikapu, na mimi nasimama pale kama nguzo, nataka kupiga kelele, kisha nachukua sabuni yangu naenda kulipa. Na wiki hii Bwana Kesho ametutangazia kwa kicheko kwamba tumepata oda ya shule, paketi ndogo ndogo, shule tisa, tunaanza kuchanganya Jumatatu ijayo, kwa karatasi zile zile za zamani. Shule tisa, mshauri. Haiwezekani zikose akina Kidege.

Nikisema, kazi imekwenda na nyumba ya mume wangu huenda ikaenda nayo. Nisiposema, sijui ni mlango wa nani utakaonyamaza. Niambie nifanye nini, na kama ni kunitukana nitukane, ila nijibu.

Ni mimi,
Mchanganyaji

JIBU

Mchanganyaji, barua yako ilinifikia Jumatano asubuhi. Nilipofika pale uliposema wifi atanunua paketi nyingine, niliacha kusoma nikapiga namba uliyoandika chini. Wasomaji watanisamehe, ushauri mwingine haungoji gazeti. Kwa ruhusa yako nawaeleza tulichozungumza, na nimeichelewesha barua hii karibu wiki mbili ili iwe salama kwako nikiichapisha.

Nilikuuliza, "Mtoto yuko wapi?" Ukasema shule. "Na wifi yako?" Ukasema, "Yuko ndani kwake, namsikia anafagia." Nikakwambia uvuke ukumbi. Ukaniambia utamwambia Jumapili, mume wako akiwepo, ili mkae kama familia. Nami nikakwambia, na leo narudia mbele ya watu: kifua cha mtoto hakijui Jumapili. Ulikuwa na siku nyingi za kungoja na umezimaliza zote.

Ukakata simu. Sikujua kama umekwenda au umerudi kuosha sufuria. Saa tatu nzima na mimi nilikaa na hiyo hofu yako mapajani, na nilijua sasa inavyokaba.

Ulipopiga tena ulikuwa unalia, ukanieleza. Ulimwambia yote ukiwa umesimama, hakukukatiza. Alikuuliza maswali mawili tu. La kwanza, "Tangu lini?" Ukamjibu. Akauliza tena, "Na siku ile niliponunua, ulijua?" Ukasema, "Nilijua." Akaweka ufagio chini, akakutoa nje, akafunga mlango. Uliniuliza kama ulikosea kusema. Hapana. Ulikosea kuchelewa, na mlango ule ndio malipo ya kuchelewa. Siku hiyo hiyo alikwenda hospitali kumwambia daktari ukweli, na daktari akaandika upya maelezo ya mtoto. Kabla ya jioni cherehani ilikuwa imerudi nyumbani. Ona ulivyomfanya mtu aitupe riziki yake kwa kosa lisilo lake. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, zaidi hata ya kikombe cha chai, maana kikombe uliamrishwa, lakini kumwacha mjane ajihukumu hakuna msimamizi aliyekuamuru.

Nimekugombeza. Sasa nikwambie na la upande wa pili. Uliogopa kwa sababu ulikuwa na la kuogopa. Mtu anayelisha familia kwa zamu za kiwandani hawezi kuambiwa "sema tu" kama vile kusema ni bure. Na mguu uliokimbia barabarani bila kiatu ulikuwa wako, hilo nalo ni kweli, halifutiki kwa sababu ya lile lingine.

Kuhusu dawa yenyewe, mimi si daktari, nilimuuliza mtaalamu wa vyakula. Aliniambia viwanda vingi hulainishia unga wa biskuti kwa dawa za jamii hiyo, kwa kipimo maalumu, na wengi wetu tunakula bila madhara. Makosa ya kiwanda chako ni mawili: hakuna aliyekuwa anapima, na lebo ilikuwa inasema uongo. Wifi yako alifanya kila ambacho mzazi anaweza kufanya. Alisoma. Anayesoma akidanganywa, amebakiwa na nini tena?

Kwa hiyo acha kuitilia shaka chumvi. Hofu ikikosa mahali pa kukaa hukaa kila mahali. Jina refu kwenye lebo si lazima liwe sumu, kama ambavyo ng'ombe anayecheka si lazima awe maziwa. Ila nanyi wasomaji, msinielewe vibaya: kitu ambacho unga wake umelainishwa, siagi yake ni harufu na rangi yake imetoka koponi, kiwe cha siku moja moja. Kisigeuzwe chakula cha mtoto cha kila asubuhi kwa sababu tu hakichafui sahani. Mtoto mpe kitu ambacho wewe mwenyewe ungeweza kukitengeneza ukiwa na muda. Na mwenye mtoto wa pumu asijaribu kukisia peke yake anachodhurika nacho. Aende kwa daktari, na aende na paketi.

Kiwandani ulifanya nilivyokwambia, na nakupongeza. Uliandika tarehe, uliandika jina lililo kwenye mfuko, ulichukua paketi mbili ambazo hazijafunguliwa, ukaenda ofisi ya ukaguzi wa vyakula siku yako ya mapumziko. Hukwenda kupiga kelele supamaketi, wala hukuacha kazi kwa hasira ukawaachia wengine kikombe. Wakaguzi walikuja Ijumaa, wakachukua sampuli, wakafunga chumba cha kuchanganyia, na oda ya shule haikuchanganywa. Paketi za njano zinaondolewa rafuni. Uliniambia Bwana Kesho alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema, "Mimi nina watoto wanne," na hakuna aliyecheka. Mwonee huruma, lakini usimfichie.

Bado hujamaliza. Wakaguzi wamekuita tena wiki ijayo, na umeniandikia ujumbe ukiuliza kama ni lazima useme nani alikuwa anakadiria. Ni lazima. Sema ni wewe, sema nani alikuamuru, sema mizani iliharibika lini. Tafuta kwanza chama cha wafanyakazi au mtoaji msaada wa sheria akusindikize, maana kiwanda kitatafuta wa kumtupia mzigo, na mtu aliyekwenda peke yake hutupiwa kwa urahisi. Unaweza kupoteza kazi. Sitakudanganya kwamba hutaipoteza. Anza leo kutafuta nyingine, na mume wako, ambaye safari imemchelewesha, akifika aambiwe na wewe kabla hajaambiwa na jirani.

Kidege bado anahesabiwa mwizi. Wakubwa mmeambizana yenu, mtoto hakuna aliyemkumbuka. Inama umfikie kimo, mbele ya mama yake, umwambie aliyechukua ni wewe. Usimweleze mambo ya kiwanda, hahitaji. Anahitaji kusikia kwamba alisema kweli.

Na wifi yako hasemi nawe, siku ya kumi na mbili leo, na unataka nikuambie maneno ya kumlainisha. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Usimtumie wazee, usimpelekee zawadi, usilie mbele yake ili yeye ndiye akubembeleze. Asubuhi ukifungua mlango naye akafungua wake, msalimie. Asipoitikia, nenda zako. Kesho yake msalimie tena.